Pedi Ndio Kazi Ndogo: Kujifungulia Breki Nyumbani Hapa Pwani

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Wa nyuma sogeeni huku kwa mwarobaini bado kuna kivuli, hilo jua la saa hii si la kusimama nalo. Nimeambiwa niongee juu ya mtu kujifungulia gari yake mwenyewe nyumbani, hasa breki, manake mwenyekiti wetu hapa anasema kila Jumapili akipita mtaani lazima aone gari imeinuliwa mbele ya mlango wa mtu, mwenyewe amechuchumaa, spana mkono mmoja na mkono wa pili simu inamwonyesha video ya Mzungu mwenye gereji ya vigae.

Basi mimi sikuja kuwakataza. Najua kuna mafundi wenzangu wataninunia kwa hili lakini nasema hadharani, kubadilisha pedi za mbele za gari ndogo, vile vibao vinavyobana diski gari isimame, ni kazi mtu mzima anaiweza, awe mwanamume awe mwanamke, bora ana zana, ana utulivu na anajua pale pa kuachia. Tena mara nyingine mwenye gari ataifanya vizuri kumshinda fundi. Mnacheka. Sikizeni kwanza.

Fundi wa kando ya barabara yuwalipwa kwa kazi, si kwa saa. Wewe umemsimamia kichwani wauliza bado, bado, na nyuma yako kuna tuktuk mbili zangoja. Atafanya nini? Atafungua bolti ya chini, ainue kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwa diski, pedi za zamani nje, mpya ndani, asukume pistoni kwa bisibisi kubwa, afunge, umelipa umeenda. Hakukuibia kitu, ulimwambia badilisha pedi na amebadilisha pedi. Lakini hapa pwani pedi ndio kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kile kinachoshika pedi, zile pini za kalipa, na yale maji ya breki, na hizo ndizo hakuna mtu anayezilipia kwa hivo hakuna mtu anayezigusa. Wewe nyumbani una asubuhi nzima, hakuna anayekuharakisha isipokuwa chai inapoa.

Mombasa ni kisiwa, na hata sisi wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe, hatuko mbali na maji. Ivume kusi ivume kaskazi, chumvi yaja tu. Mtu anaosha gari jioni anaegesha, asubuhi anachungulia kwa rimu anaona diski imegeuka rangi ya machungwa anashtuka anapiga simu, fundi diski zangu zimeoza! Hazijaoza. Diski ni chuma cha kusubu, kutu ya usiku mmoja iko juu juu, ukikanyaga breki mara chache hapo getini imesuguliwa imekwisha. Hiyo isikunyime usingizi. Kutu ya kukunyima usingizi ni ile huioni.

Hebu niwaeleze kalipa inavyofanya kazi manake bila hili mengine yote hayaeleweki. Kwa hizi gari zetu nyingi, Vitz, Probox, Fielder, Premio, kalipa ya mbele ina pistoni moja tu na iko upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani ibane diski. Sasa pedi ya nje nani anaisukuma? Hakuna. Kinachotokea ni kwamba pedi ya ndani ikishagota diski, mwili wote wa kalipa unateleza kurudi ndani, na ukiteleza unaivuta ile pedi ya nje ije nayo ibane. Kuteleza huko ni juu ya pini mbili, moja juu moja chini, zimepakwa grisi na zimefunikwa na mipira. Pini zikikwama kalipa haitelezi, kalipa isipoteleza pedi ya nje inakaa hapo kama mgeni wa heshima, kazi yote yafanywa na ya ndani peke yake.

Pitisheni hizi mbili mkono kwa mkono. Zimetoka kwa gurudumu moja la gari moja, ya Fielder. Hii ya nje bado ina nyama nzuri, milimita saba hivi. Hii ya ndani angalieni, bati tupu, tena hapa pembeni bati limegeuka samawati kwa joto na kuna mistari imechimbwa, hiyo ni chuma kwa chuma. Na mwenyewe alikuwa mtu makini walahi, kila wiki alikuwa anamulika tochi kwa matundu ya rimu kuangalia pedi. Aliangalia sana, lakini kwa matundu ya rimu unaiona ya nje tu. Ya ndani mpaka utoe gurudumu.

Na hii ndio pini yenyewe. Iguse. Ilitakiwa iwe laini kuanzia juu mpaka chini, sasa hapa katikati kuna vikoko vya kutu na grisi imekauka imekuwa kigaga cheusi. Chanzo ni mpira wake, uko hapa, uangalie kwa karibu, una ufa mdogo usiozidi ukucha. Maji ya kuoshea yameingia hapo, mvua ya masika imeingia hapo, chumvi imeingia hapo. Ufa huo mdogo umekula pedi na umekula diski.

Dalili zake mtazijua. Gari inavuta upande mmoja ukikanyaga. Rimu moja ina joto kushinda mwenzake, na hapa usiishike jamani, peleka mgongo wa mkono karibu tu utalisikia joto. Harufu ya kuungua ukishuka garini. Mafuta yanaisha mbio kuliko zamani manake gari inaenda huku imejishika yenyewe. Mtu akiona hizo ananunua pedi, anazifunga, wiki moja gari tamu, baada ya miezi michache ni pale pale, alafu anasema pedi za siku hizi feki. Feki zipo, nitakuja kwa hilo, lakini zako wewe labda hazikuwa feki.

La pili ni maji ya breki. Nasema maji kwa mazoea tu, ni fluidi, na maji ya bomba yasikaribie. Kuna Mfaransa wa karne ya 17, Blaise Pascal, ndiye alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa ukikisukuma upande mmoja msukumo unafika pande zote sawasawa. Breki zote za gari zetu zinakula kwa jambo hilo hilo, mguu wako unasukuma masta silinda, ile pampu ya fluidi mbele ya pedali, na msukumo unafika magurudumu manne. Inafanya kazi kwa sababu fluidi haibaniki. Hewa inabanika. Mvuke unabanika.

Sasa fluidi hii ya DOT 3 na DOT 4, hayo ni madaraja yake yaliyoandikwa kwa chupa, inapenda unyevu, inauvuta kutoka hewani, kupitia mipira kidogo kidogo, na kupitia kile kifuniko ulichofungua ukaangalia ukakiacha juu ya betri ukapiga story na jirani. Na unyevu wetu hapa mwaujua, chumvi ya mezani yenyewe inalowa kwenye kikopo. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji asilimia tatu na ushei hivi, kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 huanza 230 na hushuka hadi 155. Asilimia tatu tu! Ndio maana wenye magari huambiwa wabadilishe fluidi kila baada ya miaka miwili hivi, na ukiuliza hapa nani amewahi kubadilisha, si kuongeza, kubadilisha, naona mikono miwili. Mitatu, haya, shukrani mama. Fungueni mkaangalie, mpya ina rangi ya asali nyepesi ama haina rangi kabisa, ya kwenu wengi imeshakuwa nyeusi.

Kwa mjini hutajua kitu. Kutoka Tudor mpaka Mwembe Tayari kwa foleni breki haipati joto la kuchemsha chochote. Lakini umetoka Nairobi, kilomita karibu 480, familia imejaa, mizigo juu, wafika Mazeras unaanza kushuka na malori mbele yako na wewe mguu haukutoki kwa breki. Joto hapo ni jingine. Na mwendo una hesabu yake, gari ya kilomita 80 kwa saa si kwamba ina kazi mara mbili ya ile ya 40 kuisimamisha, ni mara nne. Joto lote hilo linaingia kwa diski, kwa pedi, kwa pistoni, linafika kwa fluidi. Fluidi ya zamani inachemka, inatoa mvuke, unakanyaga pedali inaenda mpaka sakafuni na gari haijasikia. Ukifika mteremko shusha gia, na wa otomatiki hiyo L ama B ama S pale kwa gia haikuwekwa pambo, itumieni, injini ishike gari.

Kabla sijaingia kwa kazi yenyewe niseme za kuacha, manake huko ndiko mtu anaharibikiwa. Gari ya haibridi, Aqua, Prius na jamii yake, breki zake zinaongozwa na kompyuta na pampu ya umeme, usiziguse kama huna mashine ya kuongea nazo, mpelekee anayezijua. Gari yenye handbreki ya kubonyeza kidude, pedi zake za nyuma vilevile. Ukikuta fluidi inavuja popote, kwa kalipa, kwa paipu, kwa mpira, simama, hiyo si kazi ya pedi tena. Taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga, imewaka, si kazi ya pedi. Na gari ya abiria, matatu, tuktuk ya biashara, mimi ningesema usijifunzie hapo. Jifunzie kwa gari unayoiendesha wewe, polepole, mtaani.

Haya. Kuinua gari.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kukalia chini yake. Nimesema hivi miaka yote na bado napita naona miguu miwili imechomoza chini ya gari iliyosimama kwa jeki ya kuzungusha, ile ya bure iliyokuja na gari. Nunua stendi mbili za kushikilia gari ikiwa juu ama azima, ziko mtaani. Na nyua zetu hizi nyingi ni mchanga, jeki inazama upande mmoja huku wewe umeshughulika na bolti, kwa hivo weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, si matofali, matofali ya mawe yetu haya ya matumbawe hupasuka ghafla bila kuaga. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, handbreki juu, gia P au gia ya kwanza. Nati za gurudumu zilegeze gari ikiwa bado chini, usizilazimishe gari ikiwa juu. Ukishaishusha kwa stendi isukume kwa mkono kwa nguvu, ikitikisika vibaya heri itikisike saa hiyo. Hata ukishatoa gurudumu lilaze chini ya gari pale pembeni, likitokea la kutokea gari ilalie gurudumu isilalie mtu.

Zana si nyingi. Wili spana, nati za Toyota ndogo nyingi ni 21. Spana za 12, 14 na 17. Brashi ya waya, msasa, kipande cha waya, jii klampu ya seremala, bomba la sindano kutoka duka la dawa, matambara safi, spreyi ya kusafishia breki, na grisi yake. Grisi hii msikilize, si grisi ya beringi, si mafuta ya injini, si mafuta ya nazi, mnacheka lakini nimeyaona. Grisi na mafuta yanayotokana na petroli yakigusa mipira ya breki mipira inavimba, pini inakwama mbaya kuliko ilivyokuwa. Uliza grisi ya silikoni ya breki, kijipakiti kidogo, kinatosha gari nzima. Na ile spreyi ya kulegeza kutu inasaidia bolti kufunguka lakini haikai, huwezi kuiita grisi.

Fanya upande mmoja kwa wakati. Usifungue pande zote mbili ukatandaza vitu mkekani, ukichanganyikiwa kile kichuma kilikaaje upande wa pili uko hapo unakuonyesha. Lakini pedi ni kubadilisha pande zote mbili, kulia na kushoto, hata kama upande mmoja bado una nyama, la sivyo gari itavuta.

Umetoa gurudumu, geuza usukani kalipa ije kwako. Usipulize lile vumbi jeusi kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, vumbi lake linaleta saratani, na pedi isiyo na jina uliyofungiwa na mwenye gari wa kwanza huwezi kujua ndani yake kuna nini. Lowesha, pangusa, tambara litupe, barakoa bado mnazo nyumbani.

Fungua bolti ya chini ya kalipa, mara nyingi 14 ama 12, mara nyingine pini nayo inazunguka ndipo unahitaji ile 17 kuishikilia. Inua kalipa kwa juu ama uitoe kabisa, na ukiitoa ifunge kwa waya kwa springi, usiiache ininginie kwa mpira wake wa fluidi. Mpira ule ukikatika ndani kwa nje hauoneshi kitu, siku moja unakuja kuziba.

Sasa pedi zimetoka, ndio mtu anakimbilia kuweka mpya. Ngoja. Hapa ndipo asubuhi yako inapokwenda.

Vuta pini zote mbili, na ukiona moja ina kimpira kwenye ncha na nyingine haina, kumbuka ipi ilikuwa juu ipi chini, usizibadilishe. Zipanguse mpaka uone chuma. Ikiwa ni kigaga cha grisi kitatoka kwa spreyi, ikiwa ni kutu nyepesi msasa laini sana utaitoa, ikiwa kutu imechimba mashimo usihangaike, nunua pini mpya na mipira yake, huuzwa seti na bei yake si kitu mbele ya diski. Safisha na shimo lenyewe, tambara jembamba kwa bisibisi, toa grisi ya zamani yote. Paka grisi mpya ya wastani, ukijaza sana hewa inabanwa ndani pini haiingii. Irudishe, isukume na kuivuta kwa kidole. Kidole kimoja! Ikikataa kidole bado hujamaliza.

Alafu zile bati ndogo zinazoshika masikio ya pedi, zitoe, na chini yake kwa ile breketi, chuma kinachobeba pedi, utakuta kutu imepanda imesukuma bati juu, hapo piga brashi ya waya mpaka chuma kiwe tambarare. Pedi mpya iingie kwa mkono iteleze bila kugongwa nyundo. Mkiona fundi anagonga pedi kwa nyundo ili iingie, muulizeni kwa upole itatokaje.

Diski ipitishe ukucha. Mistari midogo ni kawaida. Ukucha ukinasa sana, ama pembeni kumepanda ukingo mkubwa, ipimwe unene, namba ya mwisho unaoruhusiwa imeandikwa kwenye diski yenyewe mara nyingi, tafuta MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na milimita zake. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, isafishe kwa spreyi kabla ya kuifunga.

Kurudisha pistoni. Pedi mpya ni nene, huwa karibu milimita 10 kwa gari ndogo, na mnatakiwa kubadilisha ikifika 3, msingoje kile kichuma cha kupiga kelele mpaka majirani wawajue. Kwa hivo pistoni lazima irudi ndani. Weka pedi ya zamani juu yake, jii klampu, kaza polepole. Ukikaza fluidi inarudi juu kwenye kikopo chake, na kama kuna mtu alikuwa anaongeza ongeza kitamwagika, na fluidi inakula rangi ya gari. Ndio ile sindano, nyonya kidogo kwanza. Na kama pistoni ya nyuma ina mkato wa kuzungusha usiikamue, hiyo inazungushwa ikiingia. Mpira wa vumbi wa pistoni ukiwa umepasuka, hapo mpigie fundi.

Funga, kaza bolti zako, gurudumu ndani, shusha, kaza nati kwa kuruka ruka si kwa kuzunguka mduara. Kwa Toyota ndogo nyingi ni nyutonimita 103, kama una toki spana, ile ya kupima nguvu ya kukaza, itumie, kama huna basi wili spana ya gari na mkono wako, si kupanda juu yake kwa miguu. Ukishatembea kilomita hamsini mpaka mia kaza tena.

Na sasa jambo moja nalisema kwa sauti: kabla hujawasha gari kuondoka, kanyaga pedali. Kanyaga tena. Kanyaga mpaka iwe ngumu. Pistoni umeirudisha ndani, pedi ziko mbali na diski, mkanyago wa kwanza hausimamishi chochote, na ukuta wa jirani uko hapo nyuma. Ikishakuwa ngumu angalia kiwango cha fluidi, iwe kati ya MIN na MAX. Ikibaki laini laini haigumu, kuna hewa, usitoke getini.

Pedi mpya zinataka kukaa na diski. Asubuhi mapema, barabara pana isiyo na watu, nenda kama kilomita 50 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti ishuke mpaka 10 hivi, usisimame kabisa, achia, rudia mara kadhaa na uiache ipumue katikati. Baada ya hapo endesha kidogo bila kukanyaga sana ipoe. Siku mbili tatu za kwanza acha nafasi na wa mbele, na nikisema acha nafasi hapa Mombasa najua itaingia tuktuk, iache iingie.

Kununua. Chukua namba ya chasi, iko kwa kibati ndani ya boneti, mpe muuza spea, usimwambie tu nataka za Probox. Nenda na pedi ya zamani mkononi ulinganishe umbo, masikio, na pale pistoni inapokaa. Angalia kama nyama imeshikana na bati vizuri bila nyufa pembeni, boksi lina namba ya pedi, na dai risiti, manake muuzaji asiyetaka kukupa risiti ya kitu cha kukusimamishia gari ameshakujibu. Pedi zilizotumika kutoka Japani msinunue. Milango ya mitumba sawa, taa sawa, pedi hapana.

Kuna maswali yaliletwa kwa karatasi, nisome haraka. La kwanza ni la dada wa Vitz, yuwauliza gari yake ikipanga foleni ya feri Likoni pale kwa mteremko inarudi nyuma ama inashuka hata akivuta handbreki mpaka juu. Dada, handbreki yako inashika magurudumu ya nyuma, na nyuma yako kuna ngoma na breki shuu ndani, si pedi. Shuu zikiisha ama kebo ikilegea lazima uvute sana. Maji yakitoka mteremko wa kushukia feri unakuwa mrefu, si mahali pa kujaribia. Ngoma unaweza kufungua nyumbani lakini zile springi ukizitoa mara ya kwanza kuzirudisha ni kilio, piga picha kabla hujagusa, ama uje na gari Jumamosi. Mpaka hapo ukisimama mguu usitoke kwa breki, na gia P.

La pili, nibadilishe fluidi mwenyewe? Unaweza kama ABS yako haijatolewa wala kukauka. Mtu mmoja anakanyaga, wa pili anafungua nipo ya kalipa, kile kiskurubu cha kutolea fluidi, yenye mpira mwembamba ulioingia kwa chupa, fluidi nyeusi inatoka, anafunga nipo kabla mwenzake hajaachia pedali. Kabla, si baada. Mnaanza gurudumu la mbali na masta silinda, kwa gari zetu za usukani kulia ni nyuma kushoto, mnamalizia mbele kulia. Kikopo cha juu kisikauke hata mara moja, la sivyo mmeingiza hewa mnaanza upya. Tumieni fluidi ya chupa mpya iliyofungwa, ile nusu chupa ya mwaka jana kule stoo ishakunywa unyevu wake. Na msichanganye DOT 5, hiyo ni ya silikoni, ni kitu kingine hata kama namba zinafuatana. Ile ya zamani msimwage kwa mtaro.

La tatu, mzee wangu anauliza pedi mpya zinalia, amebadilisha juzi. Mzee, mara nyingi ni zile bati hazikurudishwa ama mgongo wa pedi haukupakwa ile grisi yake nyembamba, nyuma tu, upande wa kusugua ukiguswa na grisi umeiua pedi. Zifungue uangalie pini nazo. Kama zinalia asubuhi tu alafu zinanyamaza, hiyo ni kutu ya usiku, iache.

Ya bei mniulize pembeni. Haya, hii Probox hapa tuifungue upande wa kushoto wote mwone, anayetaka kushika spana aje mbele, viatu viwe vya kufunga, mwenye champali aangalie kwa mbali. Nani ana ubao wa jeki?